Bukari Niliyokula Kabla ya Dawa Nyeupe

Mume wangu alikuwa na lori la safari za Kasaji na wake wawili, na yule wa pili alijua kupika kuliko mimi. Nasema wazi: nilimchukia. Bukari yake, ule ugali wetu, haikuwa na madonge hata siku moja. Mume akirudi safari, pua yake ilielekea jiko la mwenzangu kwanza. Loo, moyo ulikuwa unaniwaka!

Kisha tumbo likaanza kuniuma, nikakonda. Munganga wa hospitali aliponibonyeza, alihisi uvimbe. Akanieleza kwamba nitakunywa dawa nyeupe, nzito kama chokaa, iteremke tumboni na kuuzunguka ule uvimbe, ili mashine ikipiga picha uonekane ulipo. Bila kuuona, hapasui. Sharti moja tu: nisile kitu tangu jioni.

Asubuhi ya siku ya picha ilikuwa zamu ya mwenzangu kupika. Hakujua sharti, maana sikuwa nikimwambia habari za mwili wangu. Akaniwekea bukari na sombe ya majani ya muhogo. Kwetu, ukikataa chakula cha mke mwenzio, umeshamwita mulozi mbele ya watu, na mama mkwe alikuwa ameketi palepale, macho kwetu. Nikala. Nikala yote, na ilikuwa tamu, shetani yule!

Kwenye picha munganga aliona mabonge tu. Hakujua lipi la bukari, lipi la ugonjwa.

"Mama, ulikula?"

Nikakubali kwa kichwa. Akaniambia nirudi wiki ijayo, na kwamba uvimbe haungoji mtu.

Mume aliposikia kisa chote, alicheka. Mwenzangu hakucheka. Jioni ya kuamkia siku yangu ya kurudi hospitali, aliwapeleka batoto kwa jirani, akazima makala ya moto kwa maji, akafunga jiko kwa kufuli.

"Leo hakuna kula mu hii lupango, mu hii nyumba yote," akasema. "Kama yaya, dada yangu huyu, hakule, na mi sikule. Na weye tata, bwana yetu, utalala na njaa."

Kulipokucha alinisindikiza. Nikanywa dawa, na safari hii uvimbe ukatokea waziwazi, peke yake. Munganga akasema atapasua. Nilipotoka nilimkuta mwenzangu mlangoni, midomo imemkauka kwa njaa, na mume amemshika bega akimwita muke wa maana. Wa maana! Na uvimbe ulikuwa wa nani?

Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, mama mkwe alikuwa kando ya kitanda.

"Mama," nikamuuliza, "nani anamupikia bwana?"

"Mwenzako. Bwana anakula vizuri sana."

Moyo ukaniwaka palepale, juu ya nyuzi za kidonda. Ndipo nilipojua kwamba sitakufa.