Karanga za Watoto Wazima

Juzi mujukuu wangu alishikwa na kikohozi cha kifua. Wakamupima kwa muganga, kisha mama yake akarudi na kapsile za rangi mbili ndani ya karatasi ya kung'aa. Musichana wa farmasi alikuwa amemurudilia maneno mpaka akayajua kama wimbo: amalize zote, hata akipona, zote. Mutoto hawezi kumeza kapsile nzima. Basi nikafungua moja juu ya kijiko cha uji, kama walivyotuonyesha, na unga ulipoanguka ile harufu ikanipanda puani. Wewe unaijua? Ni harufu chungu yenye inakaa nyuma ya koo, kama mukate ulioanza kuota ukungu ndani ya kabati. Palepale nikawa tena mutoto katika nyumba yetu ya reli hapa Kalemie, nimenyoosha kiganja mbele ya nkambo, ninangojea sehemu yangu.

Nitayaandika vile ninayakumbuka. Sikusoma sana, na mambo ya dawa ninayajua kwa masikio tu. Pale nitakosea, unisahihishe moyoni na uendelee.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Papa alikuwa mutu wa reli, kwa hiyo tulikaa katika zile nyumba zilizofanana, pale treni ikipiga filimbi masahani yanatikisika. Asubuhi uliamshwa na muchi wa kutwanga sombe, majani ya muhogo. Muchana upepo wa ziwa ulituletea harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, zilizoanikwa, mpaka ukisahau kula unafikiri umeshiba. Nkambo, mama ya mama yangu, mwanamuke wa Mpala, njo alikuwa serikali ya nyumba ile. Sheria yake ilikuwa moja: kilichoingia mulangoni kinagawanywa. Mukebuka mumoja, samaki wa ziwa, ulikatwa vipande sawa na midomo yetu, na kichwa kilizunguka kwa zamu. Pipi moja ya bonbon ilipasuliwa kwa jiwe. "Mu nyumba yangu," alikuwa anasema, "hakuna mutoto wa kuangalia mwenzake anakula." Sijaona mutu mwenye mukono wa haki kama ule. Ungeleta mizani ya soko, isingemupita.

Dawa zilikaa juu ya kabati, ndani ya mukebe wa maziwa ya unga. Zilibaki humo kutoka kila ugonjwa uliopita pale nyumbani. Kulikuwa na zenye zilikuja na treni, karatasi zake za Kifaransa, na zenye zilivuka ziwa kutoka Kigoma, karatasi zake za Kiingereza. Nkambo hakusoma hata moja ya lugha hizo, basi alizijua kwa rangi. Nyeupe kubwa ni ya kichwa. Ya njano ni ya tumbo. Nyeupe ndogo yenye uchungu ni kinini, ya malaria. Ukiutikisa mukebe ulilia vizuri kama kayamba, na sisi tuliupenda kwa ajili hiyo.

Mimi kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Unameza kidonge kwa mudomo, kinashuka tumboni, na kichwa kinapona. Sasa dawa inajua njia namna gani? Niliuliza nkambo. Akajibu kwamba maumivu yanaiita, na dawa inasikia. Niliuliza mwalimu wetu. Akasema tutaisoma mwaka wa mbele, na mwaka huo mimi sikuufikia shuleni. Niliuliza jirani yetu, mama mumoja mwenye kuchekesha. Akaniambia, "Weye, dawa ni kama bwana yangu: anatoka mulango huu, lakini usiku kama mutu anapika nyama atajua nyumba ni gani." Kila jibu lilinifurahisha, na hakuna lililonitosha.

Basi mudogo wangu akashikwa. Alikuwa musichana wa kucheka ovyo, bado hajaanza shule. Alianza na kikohozi, kisha homa, kisha akaacha kucheka, na hapo njo nkambo aliogopa. Alimubeba mugongoni na kitenge, mimi nikafuata nyuma, mpaka dispansari ya kule chini karibu na bandari. Muganga wa pale alikuwa mwanamuke, mama muganga tulimwita. Alitega sikio kwenye mugongo wa mutoto, akatoa kapsile ndani ya kikaratasi kilichokunjwa, akafungua moja ili kuonyesha vile ya kuchanganya unga wake na uji. Asubuhi, muchana, na jua likizama. "Sitwayene, umupatie hivyo," alisema, yaani raia, kama serikali ya wakati ule ilivyotaka watu waitane.

"Mimi siko sitwayene, niko nkambo ya batoto," nkambo alimujibu, na watu wa kwenye benchi wakacheka.

Dawa ilifanya kazi kuliko vile tulitumaini. Baada ya muda mufupi homa ilishuka. Mutoto aliomba bukari, ugali wetu, na samaki, akamaliza, akaomba tena, akanipiga teke. Kwa macho yetu alikuwa amepona. Na kikaratasi kile bado kilikuwa na kapsile.

Hapa ninataka uelewe vizuri nkambo, sababu wengine nikiwasimulia wanamucheka. Yeye alifikiri hivi: mutoto huyu amepona, dawa imebaki, na hawa wengine wanalala naye kwenye mukeka mumoja, wanakula naye kwenye sahani moja, kikohozi kitawafikia. Tena dawa nzuri hivi ingemupita vipi mutoto mwingine wa nyumba? Akatandaza sahani, akafungua kapsile zote, akachanganya unga na sukari, akaugawanya kwa ncha ya kisu. Visehemu vilikuwa sawa kabisa. Tukapita mumoja mumoja na viganja, tukaramba, tukakunja nyuso, tukacheka. Mudogo wangu pia alipata sehemu yake, sawa na ya wengine. Ilikuwa haki, ile ile ya mukebuka.

Mimi niliomba maganda. Yalikuwa mazuri, nusu mekundu nusu meusi, mepesi kama mabawa ya mududu. Nilitia moja ndani ya kikombe cha maji ili kuona litafanya nini. Lilinata, likalainika, likaanza kuyeyuka kama linaona haya. Nikafikiri, basi hivi njo mulango wa dawa unafunguka huko tumboni. Nilifurahi kama mutu aliyechungulia ndani ya saa.

Homa ilirudi kabla sijachoka kucheza na maganda yale. Safari hii ilirudi na nguvu nyingine. Mudogo wangu alipumua haraka haraka, pua zikifunguka na kufunga, na chini ya mbavu ngozi ilikuwa inaingia ndani kila akivuta. Hakulia. Ningependa angelia. Nkambo alimubeba tena, akaniambia nilete mukebe, na tulishuka ule mutelemuko bila kusalimia watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake.

Mama muganga alitutoa kwenye mustari akatuingiza ndani. "Na dawa?" aliuliza.

"Imeisha. Wote wamekula."

"Wote nani, Mama?"

"Batoto. Wote wa mu nyumba. Hakuna mwenye alikosa."

Mama muganga alimuangalia, akaniangalia mimi na mukebe wangu, akafunga macho kidogo. Hakupiga kelele. Alichukua bomba la sindano la kioo kutoka sufuria iliyokuwa inachemka juu ya mbabula, lile jiko la makaa, akaliacha lipoe, akamudunga mutoto. Hapo mudogo wangu alilia, na ile sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Kisha nkambo aliuliza, huku anaangalia chini, "Nimemuua?"

"Bado tunaangalia, Mama. Mimi sijui. Kesho tutajua zaidi."

Nimekutana na waganga wengi tangu hapo, na wachache waliweza kusema "sijui" vizuri namna ile.

Tulibaki pale. Alipopata nafasi, mama muganga alikuja kukaa na sisi karibu na mbabula. Alichukua kikombe, akamwagia makaa maji kidogo. Yalilia shii, moshi ukapanda, juu yakawa meusi. "Moto umezimika?" aliuliza. Nkambo akasema ndiyo. Mama muganga alipindua makaa na kijiti: chini yalikuwa mekundu. "Kifua cha mutoto kiko hivi. Wadudu wa ugonjwa wenye ni zaifu wanakufa kwanza, homa inashuka, unasema amepona. Wenye nguvu bado wako chini. Ukiacha kumwaga maji, njo wao wanawasha tena." Kisha alionyesha pembeni mbabula nyingine, baridi, haina kitu. "Na maji yenye yalibaki, uliyamwaga kwenye mbabula zenye hazina moto."

Nkambo alichukua kijiti, akapindua makaa yeye mwenyewe. Halafu akasema, "Lakini hukuniambia nimalize."

"Kweli," mama muganga alisema. "Nilisema umupatie. Sikusema mpaka wapi. Watu walikuwa wengi kwenye benchi. Hapo tulikosa sisi wawili."

Ninaandika hili kwa sababu ni haki liandikwe.

Mimi nikaona mulango umefunguka, nikatupa swali langu: dawa inajua njia namna gani? Mama muganga alicheka mara ya kwanza siku ile. Alisema haijui. Inaingia kwenye damu, na damu ni kama treni, inasimama kila gare, kila kituo: kichwa, mguu, kidole. Dawa inapita pote, hata pale haina kazi. Kwa sababu hiyo inaweza kusaidia pahali pamoja na kuharibu pengine, na kwa sababu hiyo kipimo cha mutu mukubwa hakiwezi kuwa cha mutoto, na ya mutu huyu si ya yule. Alichukua mukebe wangu, akaufungua, akanusa. Nyingine zilikuwa zimegeuka rangi. "Hii, Mama, ni gare yenye hakuna mutu anajua treni zake zinaenda wapi."

Nkambo hakupenda mukebe wake kutukanwa. Akasema yeye anajua dawa, dawa za miti, tangu Mpala. Mama muganga alikubali upesi. Alisema hata kinini ni ganda la muti, na miti yake inalimwa kule Kivu.

"Njo maana iko chungu," nkambo alisema, amejikweza kidogo.

"Tofauti ni kupima. Kuna watu walikaa wakajaribu: kidogo hiki hakisaidii, hiki kinasaidia, hiki kinaua. Walirudia mpaka wakawa na hakika. Weye unapima namna gani?"

"Na mukono."

"Mukono wa nani?" Akanyoosha wake, mwembamba, vidole virefu. Nkambo akauweka wake pembeni, mupana, umekomazwa na jembe. Konzi moja ya nkambo ingekuwa konzi mbili za muganga. Wote wawili waliangalia mikono ile, nkambo akaguna, kisha akacheka bila kutaka. Mama muganga akaongeza kwamba vijiko vya nyumbani navyo havilingani, na yeye humwomba kila mama alete chake aone.

Nikauliza tena, maganda yanatengenezwa na nini? Akasema na mifupa na ngozi ya ng'ombe, inachemshwa mpaka inakuwa utomvu. Jirani yetu aliposikia hayo baadaye, alitaka kwenda kuuliza padiri kama mutu anaweza kumeza kapsile Ijumaa Kuu, siku hatuli nyama.

Asubuhi yenye ilifuata mbavu hazikuwa zinaingia tena sana. Mama muganga alisikiliza mugongo kwa muda murefu kuliko jana, halafu akamuambia nkambo, "Moto unashuka. Sasa usiniache njiani." Mudogo wangu alidungwa sindano siku kadhaa, kisha akapewa kapsile nyingine za nyumbani. Mukebe tuliuacha kule kule.

Lakini nkambo alikuwa na shida moja kubwa, na niliiona usoni mwake. Kila dawa ilipofika, sisi wengine tulikuwa tumeshajipanga na viganja. Kumupa mumoja na kuwaacha wengine, mukono ule haukujua. Siku ya kwanza alisimama na kijiko hewani. Halafu aliingia jikoni, akatoka na karanga za kukaanga, akatugawia, sawa sawa. "Huyu dawa yake," alisema. "Nyinyi, hii ni yenu sababu hamuumwi." Ikawa hivyo mpaka kapsile ya mwisho, na baadaye kwa kila ugonjwa wa nyumba ile. Hatukuramba tena dawa ya mutu.

Mudogo wangu yuko Kigoma siku hizi, naye ana wajukuu. Nilimupigia simu kumueleza kwamba ninaandika habari hii. Kumbe hakumbuki homa, wala sindano, wala mbabula. "Nakumbuka karanga," alisema. "Nyinyi wote mulikuwa munatafuna mbele yangu, na mie munanipa uchungu. Nkambo alikuwa na ubaguzi." Nikamuambia nkambo alimuwekea zake, akamupa siku alipomaliza. Akasema hiyo haikumbuki. Labda ni mimi niliiongeza. Sijui.

Nkambo hayupo. Pale palipokuwa dispansari sasa kunauzwa mafuta ya pikipiki. Mabomba ya kioo hayachemshwi tena, sindano inatumiwa mara moja na kutupwa, na ni vizuri. Jana, wakati wa dawa ya mujukuu ulipofika, nilikaanga karanga, nikawaita wenzake. Walikuja, wakaangalia mwenzao akimeza uji wake mpaka mwisho, wakarudi kucheza. Hakuna hata mumoja mwenye alinyoosha mukono kuomba sehemu yake. Hawajui kwamba kilichoingia mulangoni ni cha wote. Kwa dawa, hivyo njo inafaa, na nkambo mwenyewe angekubali. Nilibaki pale na karanga kiganjani, zingali na moto, sijui nimupe nani.