Mtu Aliyesema Amemwona Mdogo Wangu

Vita vilipotutoa Rutshuru tulikimbia watu watatu, tukafika Goma wawili, mama na mimi. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ameanza kazi ya uashi, tulipotezana naye njiani, pale milio ya mabomu iliposikika karibu na watu wakaanza kukimbia ovyo. Mama alikuwa amenishika mkono. Mdogo wangu alikuwa nyuma yetu, amebeba godoro kichwani. Tulipogeuka, watu walikuwa wengi mno, na yeye hakuwemo.

Tulipata chumba katika mtaa wa Murara, kwa familia tuliyosali nayo, nami nikaanza kushona nguo barazani kwao kwa cherehani ya kukodi. Mama hakuwa tena na shamba wala maharage ya kupalilia. Kazi yake ikawa kumtafuta mtoto. Kila asubuhi alichukua picha yake, akaenda kusimama kwenye njia ya Kanyaruchinya, ambako wakimbizi wapya walikuwa wakiingia, au akazunguka soko la Majengo. Alimsimamisha kila aliyemsikia akizungumza Kinyarwanda cha kwetu. Hakuishia kuonyesha picha. Alieleza kila kitu kwa sauti ya mtu anayeogopa kusahaulika: jina la mtoto, jina la kilima chetu, kazi ya uashi, godoro, alama ya kuungua shavuni. Watu walisikiliza, wakasema pole, wakaenda zao.

Siku hiyo tulikuwa wote wawili Majengo. Mimi nilikuwa nachagua zipu kwa muuzaji mmoja. Mwanamume wa makamo, shati lake jeupe limepigwa pasi, akamjia mama na kumwamkia kwa Kinyarwanda, kwa heshima zote. Kisha akaendelea kwa Kiswahili.

"Mama, weye ndiye mama ya ule kijana fundi wa kujenga? Mwenye alama hapa?" Akagusa shavu lake.

Mama aliniangushia mkono begani kwa nguvu hadi zipu zikanitoka mkononi.

"Umemuona wapi?"

"Niko natoka Minova. Iko kule, kwa watu. Iko mugonjwa, mama, lakini iko mzima. Alinituma nikutafute."

Sitaki kusema kwamba nilijua papo hapo. Moyo wangu uliruka kama wa mama. Nilitamani kumkumbatia mtu yule pale pale katikati ya nyanya na viatu vya mitumba. Kilichonishtua ni kwamba hakuwa na haraka ya kutueleza habari za mgonjwa. Haraka yake ilikuwa ya boti. Alisema boti ya kurudi Minova inaondoka muda si mrefu, kwamba mdogo wangu anahitaji dawa na nauli ya kuja Goma, na kwamba yeye atafikisha. Mama alikuwa tayari ameanza kufungua fundo la kitenge chake.

Nikaushika mkono wa mama, nikamuuliza yule mtu, "Papa, na mukono wake wenye ulivunjika, umepona?"

"Umepona kidogo," alijibu. "Lakini baridi ikikuja unamuuma sana."

Mdogo wangu hakuwahi kuvunjika mkono. Nikamgeukia mama, nikitarajia kuona macho yake yakifunguka. Yalikuwa yamejaa machozi.

"Mutoto wangu!" akasema. "Alivunjikia kule njiani!"

Pale ndipo nilipoelewa kazi niliyokuwa nayo. Ningepiga kelele "mwizi", watu wangejaa, wangempiga yule mtu, na mama angebaki akiamini kwamba nimemfukuza aliyeleta habari za mwanawe. Na mimi mwenyewe, kwa kweli, ningebaki na shaka. Je, kama nimekosea? Nikaamua kwamba hatutampa kitu na hatutamfukuza. Tutakwenda.

"Papa, Mungu akubariki," nikamwambia. "Leo hatuna kitu mukononi. Kesho asubuhi tunakuja sisi wote wawili ku boti, pale Kituku. Nauli yako ya kurudi tunailipa sisi, tunaenda pamoja mpaka pale analala. Dawa tunanunua kule kule."

"Iko mbali, mama atachoka."

"Sitachoka," mama akasema.

"Basi munipe hata pesa ya unités, nimupigie simu ile familia, niwaambie munakuja."

"Tupe namba, tupige sasa hivi na simu yangu," nikasema, nikaitoa.

Alisema kule hakuna réseau ya simu hadi jioni. Aliniangalia mara moja tu, bila ule upole aliokuja nao, kisha akamwambia mama kwamba kesho asubuhi atatungoja Kituku. Akaondoka akipita kati ya mikokoteni na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba magunia ya makaa. Alitembea polepole. Nafikiri alijua namtazama.

Nyumbani mama alipika kana kwamba kuna arusi. Alichemsha maharage na viazi vitamu, akatafuta parachichi laini, akafua sweta langu ili mdogo wangu apate la kuvaa ziwani. Nilijaribu kumwambia habari ya mkono. Aliendelea kukanda sweta kwenye beseni. Baadaye akasema, bila hasira, "Weye unataka isiwe yeye." Neno lile liliniuma.

Tulifika Kituku ukungu ukiwa bado juu ya maji. Boti zilikuwa zikishusha ndizi na watu. Mama alichagua mahali ambapo kila anayepita angemwona, akaketi juu ya jiwe jeusi, chakula kimefunikwa mapajani. Niliwauliza waliokuwa wakishuka kutoka Minova, na mama mmoja mwenye duka la chai kule akanieleza vizuri mahali wakimbizi walipofikia, akachukua namba yangu, akaahidi kuulizia. Boti ya kwanza ikajaa, ikaondoka. Ikaja nyingine. Kila shati jeupe lililotokea kati ya watu, mama aliinuka kidogo, kisha akakaa.

Jua lilipokuwa kali alifunua chakula, akanipa kiazi, akachukua chake. Alipomaliza alijifuta mikono, akauliza, "Mukono hakuvunjika, si ndiyo?"

"Hapana, mama. Hakuwahi kuvunjika."

"Nilijua. Mimi ndiye nilimuzaa." "Lakini alama ya shavu aliijua namna gani?"

Nilimwacha ajibu mwenyewe. Alitazama maji, na polepole nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa anakumbuka njia ya Kanyaruchinya, watu waliosimama kumsikiliza, na wengine waliosimama pembeni bila kuulizwa. "Ni mimi nilimupa," akasema. Hakulia. Aliinuka, akakung'uta kitenge, akaniambia twende nyumbani.

Tangu siku ile mama hakuacha kutafuta, ila alibadilisha namna ya kutafuta. Alionyesha picha na kufunga mdomo. Mtu akisema, "Huyu namujua," mama aliuliza, "Jina lake nani? Alifanya kazi gani?" kisha akangoja. Wengi waliona aibu, wakasema labda wamemfananisha. Mtu akitaka kitu kabla ya kusema kitu, mama aliondoka, hata kama machozi yalimlenga. Nasi tukakubaliana jambo moja: mgeni akija na habari, hakuna atakayempa jibu akiwa peke yake. Tutasema "ngoja nimwite mwenzangu," naye mwenye habari za kweli atangoja.

Baada ya majuma kadhaa, mama alimwona tena yule mwanamume, Majengo vilevile, karibu na wauza samaki wa kukausha. Nilikuwa nyuma yake nimebeba vitambaa. Mtu yule alikuwa ameinama mbele ya mama mmoja aliyevaa malapa yasiyofanana, akizungumza naye kwa upole ule ule. Nilitaka kumzuia mama. Hakunipa nafasi. Alikwenda moja kwa moja, akasimama kati yao, akamtazama yule mtu usoni.

"Papa, jambo. Mutoto wangu wa Minova anaendelea namna gani?"

Mtu yule alirudi nyuma hatua moja. Akasema hatufahamu, amechelewa, na akageuka. Safari hii hakutembea polepole.

Nilidhani yule mama angetushukuru. Alimshika mama yangu nguo kifuani, akapiga kelele. "Kwa nini umemufukuza? Alikuwa na habari ya bwana yangu! Weye ni nani?" Wauza samaki waligeuka. Mama hakumtoa mkono. Alisimama tu hadi yule mwanamke akachoka, kisha akamwambia kwa Kinyarwanda kwamba hata yeye alimngoja mtu yule Kituku asubuhi nzima, na viazi mapajani. Walikaa chini, kando ya samaki, wakazungumza muda mrefu. Mimi nilisimama na vitambaa vyangu, nikiangalia asije mtu mwingine kusikiliza.

Jumapili iliyofuata yule mwanamke alikuja Murara kutuulizia. Tangu hapo wanatoka pamoja, yeye kwa ajili ya mume, mama kwa ajili ya mwana, na kila mmoja anasikiliza majibu anayopewa mwenzake, kwa sababu masikio ya mwenzako hayana tamaa kama yako.

Mdogo wangu hatujampata. Mama wa chai wa Minova alituma ujumbe mara mbili, akasema ameuliza na hakuna, na hakutudai chochote. Juzi mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Nilimwomba mama abaki nyumbani. Alikuwa ameshavaa viatu.

"Mvua haizuii watu kufika," akasema, akafungua mlango.