Bada Si Chakula cha Njaa

Nilikuwa nachunguza mapishi ya makabila kwenye mtandao ambamo watu huhifadhi kurasa na kuzipa lebo ili wengine wazione. Nilipotafuta bada, ugali wetu wa muhogo, karibu kila ukurasa ulibandikwa "chakula cha njaa". Nikapandwa na hasira. Waliobandika hata kuionja sidhani.

Siku hiyo nilikuwa Mkata kwa shangazi, naye alikuwa anawasongea bada wageni walioleta posa ya binti yake. Nikamsomea lebo hizo.

"Njaa ya nani?" akafoka, mwiko mkononi. "Wakwe zangu nawapikia njaa?"

Wakwe wakala, wakaomba kuongezwa. Nami nikahifadhi kurasa zilezile, nikaziandika "chakula cha heshima". Mpaka leo lebo hiyo naitumia peke yangu, na hasira haijanitoka.