Bendera ya Palestina Niliyoshona Nyamirambo

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa. Niliishia shule ya msingi. Kabla vita havijafika Kigali, wanachuo walikuja mtaani kwetu Nyamirambo kwa fundi aliyenifundisha cherehani, nikawashonea bendera ya Palestina. Walikuwa wanakwenda kumtaka mkurugenzi wao aondoe pesa za chuo katika kampuni inayofanya biashara na Israeli. Nikajikaza, nikaomba kuandamana nao.

"Dogo, haya ni ya wasomi," kiongozi wao akasema. "Utamwambia nini mkurugenzi? Utampima suruali?"

Wakacheka. Msikitini kwetu tuliwaombea Wapalestina kila Ijumaa, na hakuna aliyeulizwa diploma.

Hawajafika hata barabarani, mvua ikaanza. Mashujaa wakajifunika bendera yangu, wakakimbilia kwao. Mkurugenzi hakumwona hata mmoja. Kama ninyi mliwahi kuandamana kwelikweli, niandikieni mnieleze.