Usimwambie Mtoto Nimekwenda Dukani

Mwanangu Kabula, nakuandikia kabla hujajua kusoma, ili siku ukijua uyakute haya yanakusubiri. Siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka vizuri, maana ilikuwa ya nne mfululizo naamka na macho mekundu kwa swali moja: mtoto wa miaka miwili na nusu akikaa siku tano bila kumwona mama yake, siku ya sita anamkumbuka, au anamwona kama mtu aliyewahi kupita tu?

Mtoto huyo ulikuwa wewe.

Usinicheke. Mama yako ni mtu wa kuwaza. Nikiona wingu nawaza nguo zilizo kambani, kisha naiwaza kamba yenyewe, kisha mti uliofungiwa kamba, kama mchwa hawajauanza. Chuo kikuu walinifundisha sayansi ya chakula. Kutuliza kichwa hawakunifundisha, na sidhani kama kuna chuo kinachofundisha hilo.

Nilikuwa nimekaa miaka miwili nyumbani baada ya kuhitimu, hapa kwa Babu na Bibi walionilea, nikiwasaidia kulima choroko na kukata viazi vya kukausha michembe. Ndipo nikapata kazi Isaka, kwenye ghala la mchele, kupima unyevu na ubora kabla mzigo haujapakiwa. Ni kazi niliyoisomea, mwanangu. Ile barua niliikunjua na kuikunja mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Walitaka jibu kabla ya Jumamosi.

Shida ilikuwa njia. Kwa basi ilibidi nipande bodaboda mpaka kwenye lami, halafu basi mpaka Tinde, halafu lingine la kwenda Isaka, na mvua zikianza udongo wetu mweusi wa mbuga hunata, hauruhusu pikipiki kupita. Treni ilikuwa karibu zaidi. Stesheni yetu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini treni ya abiria haiji kila siku. Ingenichukua mwanzo wa wiki na kunirudisha mwishoni, na katikati ningelala Isaka kwenye chumba cha wasichana watatu wa ghalani. Kukuhamishia huko kulikuwa na maana ya kukuacha kutwa na mtu nisiyemjua, kwa sababu baba yako alikuwa anafundisha shule Kharumwa na alikuja mwisho wa mwezi tu. Hapa ulikuwa na Bibi, Babu, mbuzi sita na uwanja mzima.

Nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande mmoja "niende", upande wa pili "nisiende". Pande zote zikajaa, nikafungua ukurasa mwingine. Nikamuuliza Bibi. Nikamuuliza baba yako kwenye simu. Nikamuuliza Mama Shija, jirani yetu ng'ambo ya shamba la mihogo, naye akasema, "Mama Kabula, kwa muda huu unaoandika ungekuwa umeshakwenda Isaka na kurudi mara tatu."

Hapo ndipo likanijia wazo nililoliona la kisomi kabisa. Nitakujaribu. Nitatoweka siku mbili nione utafanya nini.

Basi nikatoka alfajiri ungali umelala, kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi. Bibi alikubali kwa kuguna tu; Babu hakuambiwa. Nikaenda kujificha kwa Mama Shija, ambako dirisha la chumba linatazama uwanja wetu, nikakaa na daftari langu kama mtu anayesimamia mtihani.

Siku ya kwanza ulinitafuta. Ulianza jikoni. Ukazunguka kihenge cha mahindi, ukarudi, ukafunua chungu kidogo cha Bibi na kuchungulia ndani, kama vile mama anaweza kuenea humo. Nilisikia sauti ya Bibi ikivuka mihogo: "Mama kaenda dukani, atarudi sasa hivi." Ukaenda kusimama njiani. Ulisimama muda mrefu, mwanangu. Kisha ukalia mpaka ukalala juu ya gunia, na mimi huku nimeuma pindo la kanga.

Siku ya pili hukunitafuta. Ulicheza na magunzi. Ulikula. Nikaandika: "Siku ya pili. Hajalia. Anazoea." Nikapiga mstari chini yake. Nilitakiwa nifurahi, na kwa kweli nilifurahi kidogo, lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukipatia safu ya kukiandika.

Mchana ule Babu akaja kwa Mama Shija kuazima ungo wa kupepetea choroko. Unamjua Babu kwa fimbo na kofia yake. Zamani alikuwa mtu wa genge, wale mafundi waliokaa kando ya reli kukaza boliti na kubadilisha mataruma, na jicho lake halijaacha kazi. Nilimsikia akisimama mlangoni.

"Mama Shija, una mgeni?"

"Mgeni atoke wapi, Babu?"

"Basi viatu hivi vimekuja vyenyewe. Na hiki cha kushoto kimelika kisigino upande wa nje. Najua mtu mmoja anayetembea hivi, na baba yake alitembea hivi hivi."

"Mimi simo," Mama Shija akasema mara moja. "Nilimwambia. Tena anakula ugali wangu siku ya pili leo."

Nikatoka, nikapiga goti. "Shikamoo Babu."

Hakuitikia. Katika maisha yangu yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza Babu kuiacha shikamoo yangu hewani. Alinitazama, akasema, "Umeiba ng'ombe wa nani, mke wangu?" Mke wangu ni utani wa babu na mjukuu, lakini siku hiyo hakucheka.

Nikamweleza. Nikampa na daftari, nikidhani mwandiko utanitetea. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma kwa sauti, polepole: "Hajalia. Anazoea." Akanirudishia.

"Umekosea hapa. Hajazoea huyu. Amechoka kukungoja."

Akakaa kwenye kigoda cha Mama Shija, ungo magotini, akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika nyumba aliyonilea.

Alipokuwa kijana genge lao lilikuwa mbali, akawa anakuja nyumbani kila baada ya wiki mbili, akidandia kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa reli. Mtoto wake wa kwanza, yaani baba yangu, alikuwa akilia sana akimwona anafunga mzigo. Basi Babu akajifunza kuondoka kabla hakujapambazuka. Mtoto naye akajifunza kulala ameshika shati la baba yake.

"Sasa siku moja," Babu akasema, "nikaamka, ameshika hivi, kwa mikono miwili. Nikafungua vifungo kimoja kimoja. Nikalivua lile shati taratibu, nikamwachia mkononi. Nikaenda kazini na koti juu ya mwili mtupu. Njia nzima nikijisifu, mimi mwerevu."

"Alipoamka?"

"Bibi yako alimwambia nimekwenda dukani. Niliporudi, nimebeba na sukari guru, mtoto hakuja kunipokea. Alikwenda nyuma ya kihenge. Nikamwita, hakutoka. Tangu siku hiyo nikirudi ni kihenge, nikirudi ni kihenge. Hata alipokuwa mkubwa alinisalimia vizuri tu, kwa heshima zote. Lakini alinisalimia kama anavyomsalimia mwenyekiti wa kijiji."

Kisha akasema, na sauti ilikuwa imepungua, "Alipokwenda machimbo Nyarugusu hakuniaga mimi, wala hakukuaga wewe. Nani alimfundisha? Alifanya alivyoona mtu mzima anavyoondoka nyumbani."

Mwanangu, nilikuwa darasa la kwanza baba yangu alipoondoka. Mama yangu alikuwa ameshaolewa kwingine, Kahama, kwa hiyo baba ndiye niliyekuwa nalala ubavuni kwake. Niliamka upande wake wa kitanda ni baridi. Nikaambiwa amekwenda dukani. Nikakaa kwenye jiwe pale njia inapokata kona, kwa sababu duka liko upande ule, na nilitaka nimpokee mfuko. Nilikaa pale mpaka jua likahamia mgongoni. Kesho yake nikakaa tena. Sikumbuki siku niliyoacha. Baba hakufa, mshukuru Mungu. Anahama kutoka shimo moja la dhahabu hadi lingine, na sikukuu hupiga simu, ananiuliza habari za mvua. Naifahamu sauti yake kwenye simu kuliko ninavyoufahamu uso wake. Nina shahada, nina mtoto, na kuna sehemu yangu moja bado imekaa kwenye jiwe lile inamngoja mtu aliyekwenda dukani.

Na neno lile lile nilikuwa nimeacha uambiwe wewe.

"Kwa hiyo nisiende, Babu?" nikauliza.

"Nani kasema usiende? Reli ndiyo iliyokulipia shule wewe. Nenda. Ila utoke kwa mlango wa mbele, kweupe, umemuaga."

"Atalia."

"Alie. Kwani wewe hutalia? Au unataka alie peke yake?"

"Na nikimwambia nitarudi Ijumaa, halafu treni ichelewe?" Unaona, kichwa changu kilikuwa kimeshaanza tena.

"Ijumaa anaijua huyo? Mwambie utarudi na treni. Treni anaijua."

"Lakini Babu, zinapita na za mizigo. Atakimbilia kila honi, atarudi analia."

Babu alinitazama kama mtu anayetazama boliti iliyokaa vibaya miaka yote. "Za mizigo hazina madirisha," akasema. "Nitamfundisha." Kisha akainuka na ungo wake. "Marahaba, mke wangu. Twende nyumbani."

Tulivuka shamba la mihogo pamoja. Ulikuwa umekaa uwanjani, magunzi umeyapanga mstari. Nilikuita. Uliinua kichwa, ukanitazama, ukasimama. Nikafungua mikono.

Ukageuka, ukaenda nyuma ya kihenge.

Babu alitazama chini, akawa anachorachora vumbi kwa fimbo. Bibi aliyekuwa anakata viazi aliweka kisu. Mimi nikaenda kukaa upande wa pili wa kihenge, mgongo wangu umeegemea fito, nikijua wewe umeegemea upande ule. Sikukuita tena. Nilikwambia tu, "Mama hakwenda dukani. Mama alijificha. Mama amekosea." Sijui ulielewa nini. Jua lilikuwa linakaribia kuzama ulipotokeza kichwa, ukanikabidhi gunzi moja, ukarudi zako. Baadaye ukaleta la pili. Nilikuwa na magunzi tisa mapajani ulipokubali kukaa juu yake.

Kesho yake nikapiga simu Isaka, nikasema nakuja. Daftari nililifunga.

Siku zilizobaki Babu alikuchukua kila treni iliposikika, mkaenda kusimama mbali kidogo na reli. Nilikuwa nawasikia mkirudi. "Ile ilikuwa nini?" "Mizigo!" "Kwa nini?" "Haina dilisha!" Ulikuwa huwezi kulitamka vizuri, na Babu hakukusahihisha.

Asubuhi ya kuondoka ulikuwa umelala fofofo. Bibi alikuwa amenifungia michembe kwenye kitambaa. Akasema kwa kunong'ona, "Mwache alale, mama. Pita tu taratibu." Kweli ingekuwa rahisi. Mkono wako ulikuwa juu ya kanga yangu, umelegea, wala haukuwa umeshika. Nilisimama pale nikayawaza yote upya, kuanzia wingu mpaka mchwa.

Kisha nikapiga magoti nikakuamsha.

"Kabula. Mama anakwenda kazini. Mama atarudi na treni yenye madirisha."

Ulilia, mwanangu. Ulilia mpaka Mama Shija akatoka kwake. Ulinishika gauni, na Bibi akakubandua kidole kimoja kimoja mbele ya macho yako na yangu, huku nami nalia. Nikatoka kwa mlango wa mbele. Nilipofika kwenye lile jiwe la kona niligeuka, nikapunga mkono, na wewe mgongoni kwa Babu ulikuwa bado unalia, lakini ulikuwa unanitazama naondoka. Uliniona naondoka. Hicho ndicho nilichokupa siku ile, sikuwa na kingine. Nikafika stesheni, nikapanda.

Basi nasaha yangu ni hii, wala si ndefu. Maisha ya kwetu ni ya kuondoka: huyu machimbo, huyu shule, huyu ghalani. Hata wewe utaondoka. Usikimbie kilio cha unayemwacha. Mwamshe. Mwambie jina la unakokwenda, na mwambie kitu anachoweza kukitazamia. Kama hujui siku ya kurudi, sema hujui. Hilo nalo ni kuaga. Na ukimkuta mtu mzima aliyejificha nyuma ya kihenge chake, usimvute. Kaa upande wa pili umngoje, maana hujui ni nani alimwachia shati mkononi.

Mungu akujalie safari na marejeo, Kabula wangu. Akupe watu wa kuwaaga, akuhifadhie wote uliowaaga mpaka uwakute. Na kila treni utakayoingoja maishani mwako, mwanangu, iwe na madirisha.