Upande wa Pili wa Kanda ya Bibi

Kila Ijumaa simu yangu huniletea orodha ya albamu mpya za bluzi na muziki wa asili wa Marekani, ule wa gita na banjo, na kila Ijumaa mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, huzisikiliza jikoni nikichambua mchele wa pilau. Watoto wangu hunicheka. Wiki iliyopita nilifungua albamu ya binti mmoja aliyejirekodi nyumbani kwa mama yake. Kabla ya wimbo wa kwanza kuna kimya. Kiti kinalia, jogoo anawika mbali, ndoo inawekwa chini. Nikaizima. Mchele nikauacha kwenye sinia, nikakaa nikalia. Wewe hutanicheka, kwa hiyo nitakueleza.

Tulikuwa tunakaa Darsait, mtaa wa Maskati, ghorofa ya pili, juu ya gereji. Makenika wakigonga mabati kutwa nzima, na ukifungua dirisha harufu ya oili inaingia kugombana na udi wa Bibi. Bibi, mama yake mama yangu, alitoka Unguja na watoto wake. Mdogo wake akabaki kule. Mimi nikimwita Bibi wa Unguja, ingawa sikuwahi kumwona, nilimjua kwa sauti tu. Nyumbani kwake hakukuwa na simu, na wote wawili walisoma Kurani vizuri lakini kalamu hawakuiweza. Basi wakirekodi maneno yao kwenye kanda na kumpa yeyote anayesafiri. Za kutoka kwake zilifika zimeviringishwa ndani ya kanga, zinanukia karafuu, na juu yake bado zina picha za waimbaji wa Kihindi, maana alirekodi juu ya nyimbo zao.

Bibi wa Unguja alikuwa na haya na ile mashine ya kurekodia. Akishabonyeza, huiacha kanda izunguke kwanza. Unasikia jogoo, unasikia ndoo, unasikia anakohoa, halafu ndiyo bismillahi. Bibi naye alikuwa na utaratibu wake. Husikiliza upande mmoja tu, Ijumaa baada ya chakula, na wa pili akauweka hadi Ijumaa nyingine. Mama akimwambia amalize zote, hujibu, "Nikimaliza leo, wiki ijayo ntakaa na nani?"

Mlango wa pili alikaa jirani aliyefanya kazi na Wamarekani kwenye visima vya mafuta huko bara, jangwani. Kila akija likizo alikuja na albamu mpya kwenye kaseti, wazee wa kusini mwa Marekani wenye gita na sauti za kukwaruza. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, lakini nilielewa kwamba mtu huyu anasema neno moja mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyemsikia. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilipenda kuliko halwa. Mkewe alikuwa akinikaribisha, nakaa chini kwenye zulia, nasahau hata kuosha vyombo kwetu.

Ndiyo maana Ijumaa ile sikuwa na Bibi. Kanda mpya ilikuwa imefika, na upande wa kwanza ulikuwa wa salamu, nani kaolewa, nani kafariki, mshelisheli wa uwani umeanguka. Mwishoni, mama alinihadithia baadaye, Bibi wa Unguja alisema, "Dada, kuna jambo nataka kukuuliza. Tangu ulipoondoka linanikaa rohoni. Ntalisema upande wa pili, leo nshajikaza." Wiki nzima Bibi hakuwa na raha. Alitia chumvi chai. Lakini kuisikiliza kabla ya siku yake, hakukubali.

Alkhamisi jirani aliniazima ile albamu. "Shika, lakini kesho narudi kazini, nnaondoka nayo." Bibi na mama walikuwa wamekwenda kutoa pole Matrah. Kanda tupu sikuwa nayo. Nikafungua mkebe wa biskuti alimoweka Bibi kanda zake, nikaichukua ya juu, nikaiweka upande wa pili. Nikasikia jogoo. Nikasikia ndoo. Nikasema, huku hakuna kitu. Laiti ningesubiri kikohozi! Nikatia albamu kwenye sehemu ya pili ya redio yetu ya kanda mbili, nikabonyeza irekodi, nikaenda kuanua nguo.

Kesho yake Bibi alikaa, kikombe cha kahawa mkononi, akabonyeza. Likatoka gita.

"Kaanza na nyimbo leo," akasema. "Ngoja, atakuja."

Tukangoja. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine. Kila kimya baina ya nyimbo aliinamisha sikio. "Huyu mzee naye ana dhiki zake," alisema katikati. Kahawa ilipoa. Alisikiliza upande mzima, hadi kitufe kikaruka chenyewe, tak. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake.

"Maskini," akasema, "kakosea kanda. Uzee huo."

Niliogopa, nikanyamaza. Sina udhuru mwingine wa kukupa.

Jumamosi aliniita nimrekodie majibu, kwa sababu kazi hiyo siku zote ilikuwa yangu. Akavuta mtandio, akasema, "Mdogo wangu, upande wa pili umenitilia nyimbo za Kizungu. Sema tena. Lakini kama unauliza kwa nini sikukuchukua, nafasi zilikuwa za watoto tu, wallahi. Kama ni mkufu wa mama, ni wako, usiurejeshe. Kama kuna neno nilikwambia likakuuma, nisamehe. Na kama unataka kuja, njoo, chumba changu kinatutosha sote wawili." Kanda inazunguka. Akaniangalia. "Nimesahau nini?" Nikatikisa kichwa.

Kanda ile ilifika Unguja ikakuta watu wa hitima yake. Aliyeichukua aliirudisha, haijafunguliwa.

Jengo lile limeshavunjwa. Wajukuu wangu wakisikia Kiswahili hujibu kwa Kiarabu, na sauti wanazotumiana kwenye simu huzifuta kabla ya chakula cha mchana. Mtu akirekodi albamu leo haipotei hata akitaka, na mimi, mkebe wa Bibi ulipotea tulipohama, sina hata sekunde moja ya mwanamke yule. Alitaka kuuliza nini? Waliomjua wameshakwisha.

Bibi aliishi miaka sita mingine. Kila wakija wageni alihadithia jinsi mdogo wake alivyokuwa na neno zito, akalitia kwenye kanda siyo. Wageni walicheka kwa huruma, na yeye akacheka nao, na mimi nikapitisha kahawa. Alikufa akiamini hivyo, kwamba mdogo wake ndiye aliyekosea.