Bakuli Lililorudi Tupu

Kwetu Malindi ukisema hoteli, mtu adhani wenda kunywa chai. Kwa hivyo mamangu aliponiambia kwamba tukifika Mombasa tutalala hotelini, nilicheka.

"Tutalala juu ya meza au chini yake?" nikamwuliza.

Hakucheka. Alikuwa akikunja nguo zake mbili tatu, mkono mmoja ameushika ubavuni, pale palipokuwa pakimuuma tangu mfungo uliopita.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Nami nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nakaa nyumbani, kazi yangu kuota. Niliota nyumba ya ghorofa, niliota feni, niliota kitanda cha chuma chenye miguu inayong'aa. Ugonjwa wa mamangu ndio ulionipeleka kwenye hayo yote kwa mpigo mmoja, na mpaka leo sijui niuite ugonjwa ule kwa jina gani.

Hoteli yenyewe ilikuwa Mji wa Kale, vichochoro vichache kutoka Ngome. Si zile kubwa za barabarani wanakoshukia Wazungu na masanduku yao, wala si zile za kukodi mkeka. Ilikuwa ya wastani. Mlango wa nakshi uliolika kwa chini, ngazi za mbao zilizolalamika kila ukizikanyaga, chumba cha vitanda viwili na chandarua, beseni na birika la bati, choo mwisho wa ukumbi. Feni ilizunguka kama mtu mwenye pumu. Nilizunguka nayo, nikigusa hiki na kile. Nilipofungua dirisha nikakuta dirisha la nyumba ya pili liko karibu hivi, ungeweza kumpokeza mtu kikombe cha kahawa bila kumwaga.

"Lifunge nusu," mamangu akasema. "Hapo ndipo kwa mama mkubwa wako."

Ndipo nikafahamu kwa nini tumekuja hoteli hii na si nyingine.

Mama mkubwa ni dada yake wa pekee. Walikosana kwenye matanga ya bibi yangu. Mama mkubwa alisema mbele za watu kwamba mamangu amefika maiti keshazikwa, amekuja kulilia sahani ya wali. Mamangu akajitanda buibui lake akatoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ile. Sasa alikuwa amekuja kupasuliwa, ikiwa daktari ataona pa kupasua, naye alitaka jambo moja tu kabla hajalala chini ya kisu: apatane na dada yake. Lakini kubisha hodi, hapana.

"Nibishe kwa mtu aliyenitoa? Akijua niko hapa ataniita mwenyewe."

"Na asipojua?"

"Mji huu? Tangu tushuke basi keshaambiwa."

Kweli alikuwa keshaambiwa. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, mwanamke anayemsaidia mama mkubwa kazi za nyumbani alipanda ngazi zetu na sinia kichwani, limefunikwa kawa.

"Nimetumwa," akasema, amegeuza uso. "Ati mgonjwa anywe kabla haijapoa."

Alipofunua, ilikuwa supu ya kuku, ya ndimu na pilipili manga, ndani ya bakuli la maua ya samawati. Mamangu hakuitazama supu. Aliligusa bakuli ukingoni, mahali palipomeguka kidogo.

"Bakuli la mama," akasema. "Hapa nilipamegua mimi, dadangu akapigwa yeye."

Akanywa ile supu yote huku machozi yakimdondokea kidevuni. Mimi nilicheza ngoma peke yangu katikati ya vitanda.

"Kesho mtakaa pamoja! Na mimi nitalala kwa mama mkubwa, nitaona mabinamu..."

"Polepole, mwanangu. Kwanza bakuli lirudi."

Kila mtoto wa kwetu alijua jambo hili kabla hajajua kusoma. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Utie ndizi, utie limau moja, utie hata chumvi, lakini utie. Kikirudi kitupu, maana yake ni kwamba chakula chako nimekula ila wewe sikutaki, usinitumie tena.

Nikasema nikimbie nikanunue halwa. Mamangu akakataa. Bakuli la mama yake halirudi na kitu cha duka, atapika kaimati kwa mikono yake mwenyewe. Nikashuka jikoni kumwomba mpishi wa hoteli. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Wageni wote walipa wapikiwe, huyu alipa aje apike! Haya, leo nina watu wengi. Kesho baada ya alasiri nitawaachia jiko moja."

Asubuhi tukaenda hospitali, bakuli tumeliacha mezani, limefunikwa leso. Daktari alimpima mamangu muda mrefu, akamwambia muuguzi, muuguzi akanivuta kando mimi. Ugonjwa umeenea. Hakuna la kupasua. Mrudishe nyumbani apumzike, na mpe anachopenda.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, mamangu akaniuliza, "Asemaje?"

"Asema upumzike."

Akanitazama. Nadhani alijua, maana mimi uso wangu haujui kufunga mlango.

"Haya," akasema. "Basi twende tukakande unga."

Tulinunua unga, hamira, sukari na iliki. Njiani alipumzika kwenye kila baraza. Tulipofika chumbani, leso ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya meza, na bakuli halikuwapo.

Nikamwita mtumishi wa vyumba, mtu mzima wa Kaloleni, mpole, aliyekuwa akituletea maji ya moto bila kuombwa. Akaja akitabasamu.

"Lile bakuli si la hoteli, nikaona litachanganyika na vyombo vyetu lipotee. Nimelisugua kwa jivu mpaka linaangaza, nikawapelekea wenyewe pale ng'ambo. Nikasema mgonjwa asihangaike na ngazi."

"Ulilipeleka... hivyo hivyo?"

"Safi kabisa, dada. Kavu."

Nilitazama nje. Dirisha la mama mkubwa, ambalo tangu supu ije lilikuwa wazi na pazia lake likipepea, lilikuwa limefungwa.

Nilitaka kumfokea yule mtu. Mamangu akanishika mkono. "Usimwambie neno. Amefanya wema." Akamgeukia: "Ahsante, baba. Mungu akulipe."

Mimi nikashuka mbio, nikavuka kichochoro, nikabisha. Mama mkubwa alizungumza kutoka juu ya ngazi zake. Niliona miguu yake tu, na upindo wa kanga.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mwambie mamako jawabu nimelipata."

"Wallahi si yeye! Ni mtumishi wa hoteli, hajui desturi zetu. Sisi tulikuwa hospitali, mama ataka kukupikia kaimati..."

"Hoteli," akasema. "Damu yangu yalala hoteli mbele ya dirisha langu, mji mzima waniuliza nimekosa godoro. Nikameza. Nikatuma bakuli la mama. Na hilo nalo akalikabidhi kwa mtumishi." Akakohoa. "Kama anitaka, ngazi ndizo hizi. Aje kwa miguu yake."

"Hawezi kupanda, mama mkubwa. Mgonjwa sana."

"Za hoteli azipanda."

Nikarudi nikamweleza mamangu, nikipunguza makali hapa na pale. Alisikiliza. Kisha akashuka jikoni, akakanda, akangoja unga uumuke, akakaanga kaimati ameketi juu ya debe, nikimfuta jasho. Nikazipeleka kwenye sahani ya hoteli, zina moto, zinanata shira. Yule mwanamke wa kazi alizipokea mlangoni. Kabla sijafika kwenye ngazi zetu akaniita, akanirudishia sahani vilevile.

"Asema yeye hapokei chakula cha sahani ya hoteli," akanong'ona. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwenyewe analia, lakini ndivyo asemavyo."

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo. Mamangu alikuwa ameketi kitandani, uso dirishani. Ng'ambo dirisha likafunguka upana wa kiganja. Mama mkubwa akasimama pale. Wakatazamana, dada na dada, mkono mmoja ungenyoshwa ungemfikia mwenziwe. Niliomba moyoni kwa kila jina la Mungu nililofundishwa kwenye chuo cha Kurani. Mamangu alifungua mdomo. Mama mkubwa akangoja. Kisha mamangu akaufumba, na taratibu lile dirisha likarudi mahali pake.

Mtumishi wa Kaloleni alitubebea mzigo mpaka basini. "Mtarudi lini, mama?" akauliza kwa furaha.

"Mungu akipenda," mamangu akamjibu.

Zile kaimati nilikuwa nimezifunga kwa karatasi. Basi lilipovuka daraja la Nyali mamangu aliziomba. Zilikuwa zimeshakuwa ngumu. Alichukua moja, akaitafuna muda mrefu, akiutazama mji ukibaki nyuma.

"Sukari kidogo," akasema. "Dadangu hupenda sukari nyingi."